Kidonge cha kuzuia kiharusi: Bei yashuka, hesabu bado ngumu

Bei ya dawa inayouzwa Marekani kwa jina la Eliquis imekatwa kwa zaidi ya nusu katika Medicare, mpango wa serikali ya nchi hiyo wa bima ya afya ya wazee. Dozi ya siku 30, ambayo mwaka 2023 bei yake ya orodha ilikuwa Dola 521, imewekewa bei mpya ya Dola 231. Bei hiyo ilitangazwa Agosti 2024, ianze kutumika Januari 1, 2026. Mshindani wake mkubwa, Xarelto, amekatwa kutoka Dola 517 hadi 197.

Habari hiyo inawahusu wanunuzi wa aina mbili ambao kwa kawaida hawakutani. Wa kwanza ni mwenye hisa za kampuni zinazotengeneza dawa hizo, anayetaka kujua faida itatoka wapi bei ikishuka. Wa pili ni mgonjwa, au mtoto wake, anayesimama kwenye duka la dawa akiwa na karatasi ya daktari mkononi na fedha zisizotosha. Wote wawili hukosea hesabu kwa njia moja: wanatazama bei ya kidonge na kusahau gharama ya yale yanayokizunguka.

Bidhaa yenyewe

Eliquis, ambayo jina lake la kitaalamu ni apiksabani, na Xarelto, yaani rivaroksabani, huzuia damu isigande. Wateja wao wakubwa ni watu ambao vyumba vya juu vya moyo wao vimeacha kupiga kwa mpangilio na badala yake vinatetemeka. Madaktari huita hali hiyo fibrilesheni ya atiria. Mtu anaweza kuhisi moyo ukimwenda mbio bila sababu, akachoka upesi, akakosa pumzi. Wengine hawahisi chochote.

Hatari haiko katika mtetemo wenyewe. Chumba kisichokaza vizuri huacha damu itulie pembeni, hasa katika kifuko kidogo kilicho upande wa kushoto wa moyo, na damu iliyotulia huganda. Bonge likichomoka husafiri na mkondo hadi kwenye ubongo, likaziba mshipa, na hicho ndicho kiharusi. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kuwa mtu mwenye hali hiyo ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiyekuwa nayo. Aidha, kiharusi cha namna hii huwa kikali kuliko vingi vingine, kwa kuwa bonge linalotoka moyoni mara nyingi ni kubwa na huziba mshipa mkubwa.

Si kila mgonjwa ana hatari sawa. Madaktari hupanga wateja wao kwa alama, kama benki inavyompima mkopaji. Umri wa miaka 65 hadi 74 una alama moja, na kuanzia 75 alama mbili. Shinikizo la damu moja, kisukari moja, moyo kushindwa kazi moja, ugonjwa wa mishipa moja. Aliyewahi kupata kiharusi anapewa mbili papo hapo. Mwanamke alikuwa akiongezewa moja, lakini mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 uliiondoa alama hiyo. Kwa mwongozo huo, mwenye alama mbili au zaidi anashauriwa kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na mwenye moja azungumze na daktari wake. Mfanyabiashara wa miaka 67 mwenye shinikizo la damu, na wako wengi sokoni, tayari amefikisha mbili.

Dawa ya zamani, rahisi na ghali

Kabla ya vidonge hivi vipya soko lilikuwa na mfalme mmoja tu kwa zaidi ya nusu karne: warfarini. Asili yake ni hasara ya wafugaji. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa nyanda za Dakota Kaskazini nchini Marekani na Alberta nchini Kanada walianza kufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin, aliyekuwa akipoteza mifugo, alisafiri katika dhoruba ya theluji hadi kwenye maabara ya mkemia Karl Paul Link akiwa na mzoga wa mtamba na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Maabara hiyo ilikipata kiini cha sumu mwaka 1939. Mwaka 1948 dawa ya jamii hiyo ilitolewa sokoni kama sumu ya panya, ikapewa jina la mfuko wa chuo uliogharamia kazi, WARF. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya mshtuko wa moyo. Ni nadra sumu ya panya kupata mteja wa daraja hilo.

Warfarini inafanya kazi. Majaribio yakijumlishwa, inapunguza viharusi kwa wenye mtetemo wa moyo kwa karibu theluthi mbili. Hataza yake ilikwisha zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, na kidonge ni rahisi.

Lakini kidonge hicho hakiuzwi peke yake. Kiasi kinachomtosha mtu mmoja kinaweza kumwua mwingine, kwa hiyo damu ya mgonjwa lazima ipimwe mara kwa mara kwa kipimo kinachoitwa INR. Asiyetumia dawa husoma karibu 1. Mgonjwa anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linaweza kujitengeneza. Juu ya hapo hatari ya kutokwa damu inapanda, na damu ikivuja ndani ya kichwa matokeo yake ni kiharusi cha aina nyingine. Mwanzoni vipimo hufanywa kila baada ya siku chache, baadaye kila baada ya wiki kadhaa, na havikomi maadamu mgonjwa anameza dawa.

Kipimo hicho huyumbishwa na mambo mengi ya kila siku. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo inapingana na warfarini. Mgonjwa hakatazwi kula mboga, ila asile nyingi wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo. Vidonge vya Flagyl au Septrin, ambavyo watu hujinunulia bila kuuliza, huongeza nguvu ya warfarini hadi pahali pa hatari. Dawa ya kifua kikuu ya rifampisini hufanya kinyume, inaipunguza nguvu.

Sasa ipigwe hesabu ya mwenye duka wa Tunduma ambaye kipimo cha kuaminika anakipata Mbeya mjini. Kila safari kuna nauli kwenda na kurudi, ada ya kipimo, na siku moja ya duka kufungwa au kuachiwa kijana asiyejua bei. Mtu huyo akienda mara 12 kwa mwaka, bei ya vidonge itakuwa sehemu ndogo ya fedha alizotumia. Asipokwenda, ameokoa nauli, lakini anameza dawa bila kujua kama inamlinda au inamdhuru. Hapo ndipo dawa rahisi inapogeuka ghali.

Washindani waingia

Kampuni zilikuwa zimeiona nafasi hiyo mapema: dawa isiyohitaji kipimo ingeuzwa kwa bei yoyote. AstraZeneca ilitangulia na Exanta, ikauzwa Ulaya, kisha ikaondolewa sokoni mwaka 2006 kwa sababu ya kuharibu ini. Wengi waliokuwa wameihesabu faida kabla ya mavuno walijifunza hapo.

Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya dabigatrani, ambayo ni Pradaxa ya Boehringer Ingelheim, kampuni ya familia isiyo na hisa sokoni. Wagonjwa walikuwa 18,113. Kwa dozi kubwa viharusi vilipungua kuliko kwa warfarini. Rivaroksabani ya Bayer na Johnson & Johnson ilifuata mwaka 2011, na mwaka huo huo ikaja apiksabani ya Bristol-Myers Squibb na Pfizer. Edoksabani ya Daiichi Sankyo ya Japani ilikuwa ya mwisho, mwaka 2013.

Jaribio la apiksabani lilikuwa na wagonjwa 18,201, na takwimu zake ndizo zilizoipa soko. Katika kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka, waliotumia warfarini walipata viharusi na mabonge ya namna hiyo kiasi cha 16. Waliotumia apiksabani, kiasi cha 13. Tofauti ya watatu haionekani kubwa. Kilichowavuta madaktari ni upande wa pili wa daftari: waliotokwa damu nyingi walikuwa kama 31 kwa warfarini na 21 kwa apiksabani, na vifo pia vilipungua. Viharusi vya damu kuvuja kichwani vilikuwa karibu nusu. Na hakuna aliyehitaji kwenda kupima INR.

Ifahamike kwamba ushindi huo ulipatikana dhidi ya warfarini iliyosimamiwa vizuri kiasi, katika jaribio lenye wauguzi na simu za kumkumbusha mgonjwa. Hapa Afrika Mashariki warfarini nyingi hutumiwa bila usimamizi wa aina hiyo.

Fedha ziko wapi

Mauzo ya Eliquis yaliyoandikwa katika vitabu vya Bristol-Myers Squibb mwaka 2024 yalikuwa Dola bilioni 13.3. Pfizer, mshirika wake, aliandika bilioni 7.4 kwa upande wake. Ni mojawapo ya dawa zinazoongoza kwa mauzo duniani, na kwa Bristol-Myers Squibb ni zaidi ya robo ya mapato yote. Mwenye hisa za kampuni hiyo ana hisa za kidonge kimoja kwa kiasi kikubwa, apende asipende.

Kwa hiyo swali si kama bei ya Medicare inauma. Inauma. Swali kubwa zaidi ni hataza. Idara ya chakula na dawa ya Marekani iliwaruhusu watengenezaji wengine kutoa apiksabani tangu Desemba 2019, lakini mahakama ziliwafungia mlango, na kwa hukumu na mapatano yaliyopo dawa hizo haziingii soko la Marekani kabla ya Aprili 1, 2028. Uingereza ilikwenda njia nyingine kabisa: mwaka 2022 Mahakama Kuu ya London ilibatilisha hataza hiyo, rufaa ikashindwa mwaka 2023, na apiksabani ya viwanda vingine ikamiminika. Dawa ile ile, hataza ya uvumbuzi ule ule, mahakama mbili, na pengo la miaka sita.

Bayer imeonja kinachofuata hataza inapoanza kukatika. Mauzo yake ya Xarelto yalishuka kutoka karibu Euro bilioni 4.1 mwaka 2023 hadi karibu bilioni 3.5 mwaka 2024. Kampuni ilikuwa imejiandaa kwa dawa ya kurithi nafasi hiyo, asundeksiani, ambayo ilitarajiwa kuzuia mabonge bila kusababisha damu kuvuja. Novemba 2023 jaribio lake lilisimamishwa kabla ya wakati. Kati ya wagonjwa wapatao 7,400 waliopewa asundeksiani, 98 walipata kiharusi au bonge. Kati ya idadi kama hiyo waliopewa apiksabani walikuwa 26. Jumatatu, Novemba 20, hisa ya Bayer iliporomoka kwa kiasi cha asilimia 18 kwa siku moja. Kulikuwa pia na hukumu ya fidia ya dawa ya magugu katika siku zile zile, lakini wachunguzi wa soko hawakuwa na shaka ni pigo lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Hata hivyo, haikuzikwa. Novemba 2025 Bayer ilitangaza kwamba dawa hiyo hiyo imefaulu kwa kundi jingine, wagonjwa waliokwisha kupata kiharusi ambacho hakikutoka moyoni. Mwezi huo huo Bristol-Myers Squibb na Johnson & Johnson walisimamisha jaribio moja la dawa yao ya jamii hiyo, milveksiani, kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, wakasema lile la wenye mtetemo wa moyo linaendelea. Mwekezaji mdogo anayesikia kuwa dawa ya aina hii imefaulu au imeshindwa anapaswa kuuliza kwanza: kwa wagonjwa gani?

Wako pia wanaouza kifaa badala ya kidonge. Boston Scientific ilinunua kampuni ya Atritech mwaka 2011 na kuupata mfumo wa Watchman, kizibo kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja na kuziba kile kifuko cha moyo. Kiliruhusiwa Marekani mwaka 2015. Ni kwa wale wasioweza kumeza dawa hizi kwa muda mrefu, na kinahitaji hospitali yenye vyombo na mafundi wake. Kwa soko la hapa bado ni habari ya mbali.

Soko la Afrika si la Ulaya

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya ufuatiliaji wa wagonjwa zaidi ya 15,000 wa mtetemo wa moyo katika nchi 47. Ndani ya mwaka mmoja, kwa jumla ya dunia, 4 katika kila 100 walipata kiharusi. Kwa wagonjwa wa Afrika walikuwa 8 katika 100, idadi ya juu kuliko mahali pengine popote palipochunguzwa. Taarifa ya awali ya kazi hiyo ilionyesha sababu mojawapo. Waliokuwa wakitumia warfarini Ulaya Magharibi, damu yao ilikuwa ndani ya mpaka wa 2 na 3 kwa asilimia 62 ya muda. Katika Afrika, China, India na Asia ya Kusini-Mashariki ilikuwa asilimia 32 hadi 40. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa huku alikuwa analipia kinga ya mwaka mzima na kupata ya miezi minne au mitano.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi wapatao 2,200 na kukuta wenye hali hii hawafiki mmoja katika kila 100, wachache mno ukilinganisha na Ulaya. Idadi ndogo haina maana kuwa soko ni dogo, kwa sababu Afrika wagonjwa huanza wakiwa na umri mdogo, wastani wa miaka 10 au zaidi chini ya wenzao wa nchi tajiri. Wengi wao bado wana maduka na mashamba ya kuendesha.

Kwa takwimu hizo mfanyabiashara wa dawa angeweza kuamua mara moja: aagize apiksabani na rivaroksabani, aachane na warfarini. Uamuzi huo ungekuwa na kasoro ya hatari.

Barani Afrika sehemu kubwa ya wagonjwa hawa, zaidi ya mmoja katika kila watano kwa ufuatiliaji ule ule, walipata tatizo kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na koo kuuma na kuishia kuharibu milango ya moyo. Marekani ya Kaskazini ni kama wawili katika kila 100. Majaribio makubwa ya dawa mpya yaliwaacha nje wagonjwa ambao mlango wa moyo umesinyaa sana. Hatimaye ulifanywa utafiti kwa ajili yao, wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wengi wao wanawake, umri wa wastani miaka 50. Matokeo yalitoka mwaka 2022 na yaliwashangaza wengi: waliotumia rivaroksabani walikufa 552, waliotumia dawa za jamii ya warfarini 442. Viharusi navyo vilikuwa vichache kwa warfarini.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya zamani ndiyo bora, pamoja na nauli zake zote. Vivyo hivyo kwa aliyewekewa mlango wa bandia wa chuma. Jaribio la dabigatrani kwa watu hao lilisimamishwa kabla ya kumalizika kwa sababu lilileta mabonge na damu kuvuja pia. Anayeamua ni kipimo cha picha ya moyo, ambacho kinapatikana katika taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili na katika hospitali kubwa kadhaa. Picha hiyo hufanywa kabla ya kununua dawa ya mwaka mzima.

Kaunta ya duka

Bidhaa inayouzwa zaidi kwa watu hawa, kwa bahati mbaya, si warfarini wala apiksabani. Ni aspirini. Ni rahisi, iko kila duka, na watu wameambiwa inafanya damu iwe nyepesi. Kwa mtetemo wa moyo inapunguza viharusi kwa kiasi cha moja ya tano tu. Mwaka 2011 aspirini ilishindanishwa na apiksabani kwa wagonjwa karibu 5,600 ambao hawakufaa kwa warfarini. Viharusi na mabonge vilikuwa kama 37 kwa kila 1,000 kwa mwaka upande wa aspirini na 16 upande wa apiksabani, huku kutokwa damu nyingi kukiwa karibu sawa. Anayenunua aspirini kwa kazi hii analipa karibu hatari yote na kuchukua sehemu ndogo ya faida.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa mpya katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na viwanda vya India vinazitengeneza kwa wingi, kwa hiyo bei yake katika ukanda huu haiwezi kufananishwa na ile ya Dola 231. Muuzaji wa jumla anayetaka kuziingiza aangalie kitu kingine, nacho ni mzunguko wa mzigo. Apiksabani humezwa mara mbili kwa siku na nguvu yake huisha ndani ya siku moja hivi. Warfarini hukaa mwilini siku kadhaa. Shehena ikikwama bandarini wiki moja na duka likaishiwa, mteja wa warfarini ana kinga inayopungua polepole kwa siku chache za mwanzo; mteja wa apiksabani hana kitu kuanzia kesho yake. Akiba ya mwezi mmoja ghalani, na mteja kuanza kununua dozi mpya ikiwa bado imebaki ya wiki, ni gharama inayopaswa kuingizwa katika bei tangu siku ya kwanza.